Warsha ya fikra bunifu: anzieni getini, ukumbi baadaye

Mkuu, umeuliza kama warsha ya siku mbili ya fikra bunifu (design thinking, yaani kutatua tatizo kwa kuanza na mtumiaji mwenyewe) itaisaidia ofisi yenu kupunguza malalamiko ya wateja, au hela itaishia kwenye ukumbi na chai. Nimeendesha kadhaa hapa Dar. Inasaidia, tena sana, ila siku ya kwanza msikae ukumbini.

Utaratibu wake, uliosambazwa na chuo kikuu cha Stanford cha Marekani, una hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kulifafanua tatizo, kutoa mawazo, kutengeneza mfano wa haraka wa suluhisho, kisha kuujaribu. Ofisi nyingi zinarukia ya tatu, maana ndiyo yenye raha ya kubandika vikaratasi vya rangi ukutani. Kazi yenyewe iko kwenye mbili za mwanzo.

Kuna Saccos moja upande wa Temeke, wanachama walikuwa wanalalamika mikopo inachelewa. Uongozi ulishaamini kwamba tatizo ni mfumo wa kompyuta. Kabla ya kikao chochote tukawaomba wakuu wa idara washinde asubuhi nzima pale wanapopokelewa wateja, wasikilize tu. Aliyetufumbua macho ni mlinzi. Alifika mama mmoja wa genge, na hata hajaingia mlinzi akamuuliza, "Mama, barua ya serikali ya mtaa unayo? Mdhamini ameshasaini?" Hana. Akageuza, akarudi zake Mbagala. Mlinzi akasema wa namna hiyo ni kila siku, anawauliza mapema wasije wakapanga foleni bure. Meneja wa mikopo alikuwa amesimama palepale na ndiyo kwanza analisikia, kwa sababu wanaoishia getini hawaingii kwenye ripoti yoyote.

Tatizo likaandikwa upya: mwanachama anazijua nyaraka zinazotakiwa akiwa ameshalipa nauli. Mfano wetu ulikuwa karatasi moja ya A4 yenye picha za nyaraka, ikatumwa WhatsApp kwa viongozi wa vikundi, tawi moja tu. Wanaorudishwa getini wakapungua, na hoja ya kununua mfumo mpya ikawekwa kando.

Ndani ya ukumbi shida kubwa ni vyeo. Bosi akishasema lake, nani atampinga? Kwa hiyo kila mtu aandike kwanza kimya kimya, na karatasi ya bosi isomwe mwisho. Utafiti wa chuo cha Yale wa 1958 ulionyesha kuwa watu wakifikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa huwa mengi kuliko ya kundi la idadi hiyohiyo linalojadiliana kwa sauti. Na mlinzi, dereva na dada wa mapokezi wawemo kama washiriki kamili, posho yao ilingane na ya wakuu wa idara. Hapo mimi sirudi nyuma.

Kabla hamjalipia ukumbi, mwombeni mkurugenzi aandike ruhusa ya kujaribu wazo moja, kwenye tawi moja, kwa mwezi mmoja, na amtaje atakayelisimamia. Akisita, ahirisheni warsha mpaka awe tayari.