Uliza Mzee wa Daftari: Usajili wa Juni, mshahara wa Februari

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, barua za safu hii hujaa kama abiria wa stendi ya Nanenane wiki ya Krismasi. Kwa msomaji mgeni: mimi nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya mtaani hapa Dodoma, timu ambayo leo imebaki jina kwenye fulana za watu wazima. Daftari lake nilikaa nalo miaka 11. Mpira wenyewe sikuwahi kuucheza, nilikuwa nauogopa.

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma UDOM. Chumbani naishi na jamaa anayefuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Anasema timu ya Denver ilimlipa mchezaji mamilioni ya dola aende kuchezea timu nyingine. Hapo hapo anasema ligi yao, NFL, ina kikomo cha mishahara ambacho timu hairuhusiwi kukivuka. Kama kikomo kipo, hizo za kutupa walizitoa wapi? Naona ananifanya mjinga. (Msomaji, Ng'ong'ona)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako kasema kweli, mwombe radhi.

Mchezaji huyo ni Russell Wilson, mrusha mpira, yaani mtu ambaye mashambulizi yote yanapita mikononi mwake. Denver walimchukua kutoka Seattle mwaka 2022. Kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi, wakamwongezea mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 245. Misimu miwili ikapita, mambo hayakwenda, na Machi 2024 wakamwacha. Akaenda Pittsburgh, ambao walimlipa kima cha chini cha mchezaji mzoefu, kama dola milioni 1.2. Denver wakamalizia karibu milioni 38 zilizobaki katika mshahara wake wa mwaka ule. Basi msimu mzima huyu bwana alivaa jezi ya watu wengine huku mfuko mkuu ukiwa Denver.

Sasa tuje kwenye kikomo. Kilianza mwaka 1994 kikiwa dola milioni 34.6 kwa kila timu, na mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Tajiri na maskini wanapimiwa kwa kibaba kimoja. Ila kibaba hicho kinapima kinachoandikwa kwenye daftari la ligi, na pesa inayotoka mfukoni ni habari nyingine. Wajanja wote wanapita hapo katikati.

Nikupe mfano. Umempa mchezaji dau la kusaini la dola milioni 50 kwa mkataba wa miaka 5. Yeye anazipata mapema, lakini daftari la ligi linakuruhusu kuandika milioni 10 kila mwaka. Mwaka wa kwanza unaonekana una nafasi tele, unasajili wengine. Ukimwacha baada ya miaka miwili, zile milioni 30 ambazo hujaziandika hazisamehewi. Zinarudi zikakae kwenye kikomo chako, na mtu mwenyewe hayupo. Wamarekani wanaziita pesa mfu. Kwa Wilson, Denver walibeba pesa mfu milioni 85, wakatumia kanuni inayoruhusu kugawa maumivu mara mbili: milioni 53 mwaka 2024, milioni 32 mwaka 2025.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu sebuleni, kwa sababu mimi hiyo pesa mfu nimeilipa kwa mkono wangu. Mwaka 2009 mwenyekiti wetu alimleta winga kutoka Mpwapwa. Ilikuwa Juni, watu wametoka kuvuna, kila mmoja ana mia mbili ya kumtunza mchezaji. Dau laki tatu taslimu, mshahara elfu themanini kwa mwezi kwa misimu miwili, na mwenyekiti kwa mwandiko wake akaongeza maneno "hata akiwa mgonjwa". Mechi ya tatu goti likaondoka. Kijana akarudi kwao, na kila tarehe 5 alipanda basi kuja kuchukua haki yake, kwa adabu kabisa, akiniletea na karanga. Februari ilipofika, mwezi ambao ghala la Mgogo linaonyesha sakafu, waliochanga Juni wote walikuwa hawapokei simu. Nikauza mbuzi wawili wa timu tuliopewa na shabiki mmoja wa Hombolo. Karanga zake zilikuwa nzuri, lakini zilinishuka kwa taabu.

Turudi Denver, maana mwisho wake umewashangaza wengi. Msimu ule ule wa 2024, wakiwa na mzigo wa milioni 53 mgongoni, walishinda mechi 10 kati ya 17 na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2015 walipochukua ubingwa. Nafasi ya Wilson walimpa kijana mgeni kwenye ligi, Bo Nix. Kule chipukizi hawapandishi bei wapendavyo. Wanapoingia ligi timu huwachagua kwa zamu, mshahara unafuata namba aliyochaguliwa mtu, na kwa miaka ya mwanzo ni mdogo ukilinganisha na wa wakongwe. San Francisco walifika fainali ya Februari 2024 na mrusha mpira aitwaye Brock Purdy, aliyekuwa wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka 2022. Mshahara wake wa mwaka mzima haukufika hata dola milioni moja. Mwaka 2025 alisaini miaka 5 kwa milioni 265, na raha ile ikaishia hapo.

Wako pia New Orleans, ambao mwaka baada ya mwaka hugeuza mshahara kuwa dau na kulisukuma deni mbele. Watu huwacheka. Mimi siwacheki sana. Kikomo kinafuata mapato ya ligi, na mapato ya televisheni yamekuwa yakipanda, hivyo milioni 10 ya leo inakuwa nyepesi ukiilipa baada ya miaka minne. Hesabu hiyo inakubali mpaka siku inapokataa. Mwaka 2021, baada ya viwanja kukaa vitupu kwa sababu ya korona, kikomo kilishuka kutoka milioni 198.2 hadi 182.5, na waliosukuma mbele wakakuta mbele ni ukuta.

SWALI: Mzee wa Daftari, kwa nini TFF isiweke kikomo kama hicho Ligi Kuu ili Dodoma Jiji yetu ikutane na Simba na Yanga ikiwa na silaha sawa? Tumechoka kwenda Jamhuri kuhesabu mabao. (Shabiki wa kudumu, Nkuhungu)

JIBU: Ndugu yangu, hata mimi hukaa jukwaa hilo hilo, upande wa jua.

Kikomo cha NFL kimesimama juu ya mambo ambayo sisi hatuna. Timu 32 zinagawana pesa ya televisheni ya kitaifa sawa kwa sawa. Hakuna kushuka daraja. Wachezaji wana chama kinachokaa mezani na matajiri, na makubaliano yao yanawapa wachezaji karibu nusu ya mapato. Halafu kuna kitu kinasahaulika: mbali na dari, kuna sakafu. Timu haiwezi kujifanya inabana matumizi huku mwenye timu anatia mfukoni. Ukichukua miaka kadhaa pamoja, lazima itumie angalau asilimia 90 ya kikomo.

Kwetu, mkataba wa televisheni wa Azam wa mwaka 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ukigawa ni kama bilioni 22.6 kwa mwaka, na aliyemaliza juu anachukua zaidi ya aliyemaliza chini. Juu ya hapo Simba na Yanga wana wadhamini na matajiri wao, wakati Dodoma Jiji ni timu ya halmashauri ya jiji, na bajeti yake inakaa foleni moja na madawati na mitaro. Kikomo cha shilingi zile zile kwa wote utakipanga wapi? Ukikiweka kimo cha Dodoma Jiji, Simba na Yanga watakutana na Al Ahly na Mamelodi Sundowns Ligi ya Mabingwa wakiwa wamefungwa mkono mmoja, kwa sababu wale hawafungwi na kikomo chetu. Ukikiweka kimo cha Simba, hakimgusi mtu. Na usisahau bahasha. Mchezaji ataandikiwa milioni mbili, na nyumba ya mtaa wa Kisasa atalipiwa na shemeji wa kiongozi.

Uingereza walijaribu. Agosti 2020 klabu za daraja la tatu na la nne zilipitisha kikomo cha pauni milioni 2.5 na milioni 1.5. Chama cha wachezaji kikapeleka shauri kwa wasuluhishi, na Februari 2021 kikomo kikafutwa. Umeona mwezi wenyewe?

Mimi naunga mkono njia ya UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya: kula kulingana na shamba lako. Gharama za kikosi, yaani mishahara, usajili na mawakala, zisipite sehemu fulani ya mapato. Walianza na asilimia 90, wakashuka 80, na kuanzia msimu wa 2025/26 ni 70. Na adhabu iwe pointi, si faini. Everton walinyang'anywa pointi 10 Novemba 2023 kwa kupitiliza hasara inayoruhusiwa. Walipokata rufaa zikabaki 6, na bado Uingereza nzima ilitetemeka. Faini inalipwa na tajiri kabla hajamaliza chai.

Ila asilimia za mapato zinahitaji hesabu zilizokaguliwa, na wewe na mimi tunajua madaftari ya mpira wetu yanavyofungwa. Kwa hiyo kwa Ligi Kuu ningeanza na kitu kidogo: kabla ya leseni ya msimu, kila timu ioneshe benki mishahara ya kikosi chake mpaka mwisho wa Februari. Asiyeweza, asajili wachache. Hilo halitawapa Dodoma Jiji silaha za Simba, sikudanganyi. Litawazuia wanaokuja kwa kishindo Julai na kupotea kabla ya Pasaka.

SWALI: Barcelona walishindwaje kumbakiza Messi, na alikubali kukatwa mshahara? (Kijana wa Makole)

JIBU: Hispania kila klabu ina kikomo chake, kinachotokana na mapato yake ukitoa madeni na gharama nyingine. Mkataba wa Messi uliisha Juni 30, 2021. Korona ilikuwa imekausha mapato, kikomo cha Barcelona kimeporomoka, na mishahara ya waliokuwepo peke yake ilikuwa imeshakizidi. Messi alikubali nusu, lakini nusu ya mlima bado ni kilima. Agosti 5 klabu ikatangaza kwamba anaondoka. Wakumbuke wale waliopewa mikataba minono miaka mitatu nyuma. Ndio waliokuwa wamekalia kiti chake.

SWALI: Baba, mwanangu anachezea timu ya daraja la chini, miezi mitatu hajalipwa, na kiongozi anamwambia akiondoka atafungiwa. Nifanyeje? (Mama, Manyoni)

JIBU: Pole mama. Kwanza mkataba wenyewe ufike mkononi mwako. Kama hana nakala, aiombe leo, kwa maandishi. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya angalau miezi miwili ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi aiandikie klabu kuwa imekosa na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kwa hiyo asitoroke kambini usiku. Barua iandikwe, yenye tarehe na kiasi anachodai, ipokelewe kwa saini, nakala ibaki kwako. Siku 15 zikipita kimya, shauri liende TFF kwenye kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Anayetoroka bila barua ndiye hufungiwa. Kiongozi analijua hilo, ndiyo maana anatisha kwa mdomo tu na hataki kuandika.

SWALI: Mzee, mbukwenyi. Sisi ni timu ya Kibaigwa. Wafanyabiashara wa soko la mahindi wametuchangia milioni 6. Kuna mshambuliaji anataka dau milioni 2 na laki mbili kwa mwezi. Kamati imegawanyika, nusu wanataka asainiwe kesho. Una neno? (Katibu)

JIBU: Mbukwa. Msimu wenu una miezi 9. Laki mbili mara 9 ni milioni 1.8, weka na dau, huyo mtu ni milioni 3.8. Zinabaki milioni 2.2, sawa na elfu 244 kwa mwezi, za waamuzi, maji, dawa, posho za vijana wengine 20 na safari za ugenini. Bei ya kukodi Coaster unaijua kuliko mimi.

Mwambieni dau laki tano, mshahara laki mbili na nusu, msimu mmoja tu, na maneno ya ugonjwa yaandikwe na mtu mwenye akili iliyotulia, sio mwenyekiti. Kwa jumla mtampa milioni 2.75. Akikataa, mchukueni kijana wa pale pale sokoni anayebeba magunia na kufunga kila Jumapili. Najua yupo, kila soko linaye. Pesa iwekwe benki kwa saini tatu. Na wale wafanyabiashara waombeni sasa hivi, wakiwa bado wanacheka, waandike nani atatoa nini Januari na Februari. Andika majina na uwasainishe.