Moyo wangu, usinishuhudie

Mwanangu,

Picha ya karatasi ya mafunjo ya Ani, yule karani wa Misri ya kale, uliyonitumia imefika. Umeuliza kama Mizani ya Kiyama tuliyosomeshwa chuoni ilitoka kwa Wamisri wa kale. Hilo mimi halinisumbui. Kila umma uliletewa mjumbe, basi ajabu gani na wao kujua, miaka 1250 hivi kabla ya Nabii Isa, kwamba matendo hupimwa?

Kinachonisumbua ni kingine. Moyo wa Ani uko kwenye kitanga kimoja, unyoya wa Maat, mungu wao wa kweli na haki, kwenye kingine. Mungu Anubis anakagua mizani, mungu Thoth kashika kalamu, na nyuma yake zimwi Ammit, kichwa cha mamba, kifua cha simba, makalio ya kiboko, anangoja kuumeza moyo utakaoshindwa. Maiti anakana mbele ya waamuzi 42: sikuiba, sikusema uongo. Ubongo wake waliutoa wakautupa, moyo wakauacha mahali pake uje ujibu. Kisha watu hao hao wakachonga mbawakawa wa jiwe la kijani, wakamweka kifuani mwa maiti, tumboni mwa mdudu wameandika maneno ya kuusihi moyo usisimame kumshuhudia mwenyewe! Sisi katika Yasini tunasoma kwamba vinywa vitazibwa, mikono iseme, miguu itoe ushahidi. Moyo ni shahidi asiyehongeka, nakwambia tangu hujaota meno.

Unajua ninakoelekea. Siku ya kugawa shamba la babu yako, mjomba wako mkubwa alisimama mbele ya wazee akasema minazi ya bondeni marehemu alimpa hiba akiwa hai, haingii kwenye mirathi. Akaapa. Macho hayakupepesa, lakini tasbihi mkononi ilikuwa ikigongana mpaka niliisikia nilipokaa. Nikasema baba hakunitajia hiba yoyote, nami ndiye niliyemuuguza. Nikajibiwa mtoto wa kike hajui mambo ya shamba. Nikajibiwa hivyo, mwanangu, mbele ya watu!

Huenda kweli alipewa. Wanaume walikuwa na mazungumzo yao barazani baada ya isha, mimi sikuwapo. Lakini hiba bila shahidi hata mmoja? Na mbona nazi zote za bondeni aliziuza, jikoni kwake haikuingia hata moja mpaka anakufa?

Haki yangu nilimsamehe, nilitamka mbele ya jeneza na wewe ulisikia. Moyo ni shahidi asiyehongeka, na wake umeshakwenda kujibu. Kile kiapo sikihukumu, ingawa nina langu.

Mama yako