Feni ya kompyuta ya Dell ya mezani: hesabu pini kwanza

Kaka, umeuliza kama feni yoyote ya milimita 92 itakaa kwenye Dell yako ya ofisini hapo Chumbageni. Si yoyote. Upana wala sio tatizo, tatizo ni plagi, ing'oe ya zamani uhesabu pini maana Dell nyingi za ofisini zinatumia 5 na feni za madukani zina 4 (hasi, volti 12, waya wa kusoma spidi na wa kuiongoza) na hata mpangilio hauwi uleule, kwa hiyo tafuta adapta ya modeli yako kabisa na tafadhali usiunge kwa kufuata rangi za waya, kila kiwanda kina rangi zake, utaunguza bodi bure. Ule waya wa spidi usipofika mashine ikiwaka inaleta kosa la feni na kukwambia ubonyeze F1, hata kama feni inazunguka vizuri tu.

Pima na unene, za kawaida ni milimita 25 ila baadhi ya za Dell ni 38, skrubu hazitakaa sawa.

Halafu kabla hujaamua imekufa, isafishe. Tanga hii vumbi na unyevu wa bahari vinagandamana kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kama blanketi, mashine ichomoe umeme, shika pangaboi kwa kidole lisizunguke wakati unapuliza, na ukifungua mpaka prosesa weka pesti mpya ya kupitisha joto, ya zamani usiirudishe.