Jogoo anachechemea: kapsuli hazifiki kwenye usaha wa wayo

SWALI: Daktari, nafuga kuku 14 hapa Mtopanga, Mombasa, wengi ni Kuroiler, wale kuku chotara. Jogoo wangu anachechemea, na chini ya wayo ana uvimbe wenye gaga jeusi katikati. Jirani alinishauri nifungue kapsuli mbili za tetrasiklini, ile dawa ya bakteria ya binadamu, za duka la dawa nitie kwenye maji yao ya kunywa. Leo ni siku ya tano na uvimbe uko palepale. Niongeze kapsuli, au nimpasue kwa wembe?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu, na wembe uweke kando. Hilo gaga ni alama ya jipu la wayo. Bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, wameingia penye mchubuko. Magamba ya mguu yangekuwa yameinuka na kushika ukoko mweupe, tungesema ni utitiri, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Hizi kapsuli naulizwa kila mara, na inaniuma kuona kuku anateseka siku tano bure. Usaha wa kuku hautiririki kama wetu. Seli zake nyeupe hazina kimeng'enya cha kuuyeyusha, kwa hiyo huganda ukawa kiini kigumu cha manjano, mfano wa kipande cha muhogo uliochemshwa. Dawa husafirishwa na damu, na ndani ya kiini hicho damu haipiti. Tena kuku mgonjwa hunywa maji kidogo, na maji yetu mengi ya visima yana chokaa inayoishika tetrasiklini isifyonzwe tumboni. Mgonjwa hapati kitu, ila wale 13 wazima wamekunywa dawa wasiyoihitaji, na bakteria wao wanajifunza kuizoea.

Tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, si chumvi ya mezani) katika lita moja ya maji ya vuguvugu, umloweke mguu dakika 15 kila siku. Vaa glavu, maana bakteria hao huingia hata kwenye kidonda chako. Baada ya siku tatu hadi tano gaga hulegea. Lisukume taratibu kwa shashi; kiini kikitoka nalo, safisha tundu kwa ayodini ya povidoni uliyoichanganya na maji ikawa rangi ya chai nyepesi, kisha weka shashi kavu na ufunge bandeji. Ibadilishe kila siku, kwa sababu unyevu wa pwani huilowesha haraka. Kiini kikikataa, usichokoe. Kano na viungo vya vidole viko hapo hapo chini ya ngozi, na wembe ukizifikia jogoo hatakanyaga tena. Uvimbe ukipanda kuelekea kifundo, au wayo ukiwa wa moto na kuku akakataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo aufungue kwa ganzi na achague sindano inayofaa.

Halafu tazama banda, maana mchubuko ulianzia huko. Kuroiler ni mzito. Akirukia sakafu ya saruji kutoka juu, au akilala kwenye ufito mwembamba wenye kingo kali, wayo hupondeka. Mpe mti wa upana wa sentimita 5, kingo zimepigwa msasa, usiozidi sentimita 45 kutoka chini. Tandaza maranda sentimita 8 hadi 10, na wakati wa masika uyatoe mara yanaposhikana kwa maji. Kokoto kali za matumbawe zisiwe mahali wanapotua.

Kuna wanaouza oili chafu ya gari, mafuta ya taa au majivu kama tiba ya miguu. Oili ni sumu, mafuta ya taa huunguza ngozi, na majivu huziba jipu likazidi kuoza ndani. Wanaogawa kapsuli za watu kwa kuku ni walewale. Mayai ya siku hizi tano, na yanayofuata, msiyale wala msiyauze mpaka daktari wa mifugo awape idadi ya siku za kungoja, kwa sababu pakiti ya kapsuli ya binadamu haielezi siku hizo za kuku.