Kazi ya msaidizi wa utafiti katika maabara ya chanjo

Ndugu, umeuliza kama msaidizi wa utafiti hushiriki sayansi yenyewe au huosha vyombo tu. Katika taasisi kama UVRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936, kazi kubwa ni sampuli: damu ya washiriki wa majaribio huzungushwa kwa kasi kwenye mashine iitwayo sentrifuji hadi seli nyeupe zijitenge kama utando wa ukungu chini ya plazma, yaani majimaji ya damu, nawe huufyonza taratibu kwa pipeti, kifaa chembamba cha kufyonzea vimiminika, ukahesabu seli zilizo hai, kisha ukazigandisha ili zihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi inayokaribia nyuzi 196 chini ya sifuri. Kinachochosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu za maandishi, ingawa sampuli isiyo na kumbukumbu haifai kitu. Kabla ya kusaini, uliza muda wa mkataba, kwani ajira nyingi hufuata ufadhili wa mradi.