Wape Msomaji Anayeweza Kukataa

Mkuu wetu wa shule amekubali maktaba iwe wazi wakati wa mapumziko ya mchana. Walimu tulikuwa tumeliomba jambo hilo kwenye vikao tukachoka. Aliyefanikiwa ni mwanafunzi wangu wa miaka 12, kwa barua ya kushawishi ya ukurasa mmoja. Mniwie radhi, walimu wenzangu, leo nitajisifu kidogo.

Rasimu yake ya kwanza mnaijua, maana mmesahihisha nyingi za namna hiyo: maktaba ni muhimu sana kwa sababu ina umuhimu mkubwa. Sikuitia wino mwekundu. Nilimuuliza tu, "Mkuu akiisoma hii atasemaje?" Akajibu papo hapo, "Atasema hakuna wa kusimamia, na vitabu vitapotea." Nikamwambia aanzie hapo. Alirudi na barua yenye zamu za wasimamizi, utaratibu wa kuandikisha vitabu na jina la atakayetunza ufunguo. Sentensi ya pili ilisema, "Najua unahofia vitabu kupotea." Naamini hiyo ndiyo iliyomlainisha mkuu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaja njia tatu za kushawishi: kuaminika kwa msemaji, hisia za wasikilizaji na mantiki ya hoja. Watoto wa umri huu hisia wanazo tele. Kuaminika ndiko kunakowapiga chenga, na hakuna kinachojenga kuaminika huko haraka kama kuitaja hoja pinzani kwa haki, kisha kuijibu.

Mantiki nayo ina pengo lake. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha kwamba kati ya dai na ushahidi kuna kiungo, na mara nyingi hatukisemi. Mtoto ataandika kwamba wanafunzi wachache huazima vitabu, kwa hiyo maktaba ifunguliwe mchana. Kwa nini? Huenda hawapendi kusoma! Lazima aeleze kwamba wanakosa muda wa kufika huko. Mimi huuliza "kwa hiyo?" mpaka wananuna.

Mwenzangu mmoja aliwahi kusema mbele ya kikao kizima kwamba nawafundisha watoto ubishi. Bado inaniuma. Mbishi hasikilizi, ndugu yangu. Hawa nawalazimisha kuandika pingamizi la msomaji juu kabisa ya karatasi, kabla ya neno lao lolote. Fanyeni hivyo. Na barua zipelekwe kweli, hata zikikataliwa. Kundi lililoomba kufutiwa kazi za nyumbani limekataliwa. Rasimu yao mpya ninayo mezani. Ni nzuri zaidi, ingawa bado hainishawishi.