Umri wa ulimwengu: 9.3, 14 au 13.8?

SWALI: Nasoma fizikia, mwaka wa tatu. Tumepewa zoezi la kukokotoa umri wa ulimwengu kwa kithabiti cha Hubble, H (kasi ya ulimwengu kutanuka leo), cha kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali wa angani). Mimi nimepata miaka bilioni 9.3, mwenzangu bilioni 14, na kitabu kinasema 13.8. Nani amekosea?
– Mwanafunzi, Mbarara

JIBU: Kuzidisha na kugawanya mmefanya vizuri nyote. Mmeachana pale mlipoanzia.

Mwenzako amegawa 1 kwa H. Megaparseki moja ni kilomita 3.086 × 10¹⁹, kwa hiyo H ni 2.27 × 10⁻¹⁸ kwa sekunde. Kinyume chake ni sekunde 4.41 × 10¹⁷, yaani miaka bilioni 14.0. Amechukulia kwamba mwendo wa kutanuka haujabadilika tangu mwanzo. Wewe umechukua theluthi mbili za hiyo 14, kanuni ya ulimwengu wenye maada peke yake, ambamo mvutano hupunguza mwendo siku zote. Jibu lako haliwezekani: yapo makundi ya nyota yenye miaka zaidi ya bilioni 12, na mtoto hamzidi mama yake umri. Fumbo hilo liliwasumbua wanaastronomia hadi 1998, vikundi viwili vilivyopima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali vilipoona kwamba mtanuko unazidi kushika kasi.

Basi weka maada sehemu 0.3 ya vyote vilivyomo, na nishati ya giza, inayousukuma mtanuko huo, sehemu 0.7. Kikokotoo cha kawaida kinatosha. Ukubwa wa ulimwengu, a, unatoka 0 (mwanzo) hadi 1 (leo); ugawe vipande 10 na utumie katikati ya kila kipande: 0.05, 0.15, mpaka 0.95. (Ukianzia 0 yenyewe, utagawa kwa sifuri na kikokotoo kitagoma.) Kwa kila a, gawa 0.3 kwa a, ongeza 0.7 mara a mraba, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Penye 0.05 utaona 0.408, penye 0.55, 1.149. Jumlisha zote kumi, zidisha kwa 0.1: 0.968. Mara 14.0, ni kama bilioni 13.5.

Hiyo 13.8 inatokana na vipimo vya setilaiti ya Planck: H 67.4, maada 0.315, nishati ya giza 0.685. Rudia kwa namba hizo, safari hii kwa kompyuta na vipande 100. Kinyume cha H kitakuwa bilioni 14.5, kizidishio 0.951, na jibu bilioni 13.8.